Raundi ya Countdown ya Mathcounts: abonyeze kengele lini?

Mzazi_Ohio: Habari wakuu. Binti yuko darasa la 7, anashiriki Mathcounts, mashindano ya hesabu ya wanafunzi Marekani. Hesabu anaziweza, ila kwenye Countdown, raundi ambapo wawili hushindana kubonyeza kengele na kujibu, anachelewa. Afanyeje?

Kipeo: Kila swali lina sekunde 45, bila kikokotoo. Akibonyeza na msimamizi akamruhusu, ana sekunde 3 tu za kuanza kujibu, kwa hiyo jibu liwe tayari kichwani. Akikosea, muda uliosalia ni wa mpinzani. Azoee kugeuza hesabu iwe nyepesi: 35 × 18 ni 70 × 9, yaani 630.

Duara: Naongezea: aanze na mwisho wa swali. Wengi hupata x = 6 kumbe kimeulizwa 2x. Inauma sana! Mazoezini mpe sekunde 20, na ajibu kwa sauti, si kimoyomoyo.

Mzazi_Ohio: Shukrani, tunaanza leo.