Jirani akikataa chanjo ya surua, yanihusu nini?

Mama Pacha, Ujiji: Habari zenu. Dada yangu yuko Marekani, jimbo la Washington. Anasema kule mzazi alikuwa anajaza fomu tu kwamba hataki chanjo, mtoto anaingia shule. Na jirani yangu hapa kamficha wa miezi tisa siku ya kliniki. Wangu wamechanjwa. Nihangaike?

Nesi Mstaafu: Hangaika, mwanangu. Surua hukwama pale watu kama 95 katika 100 wana kinga. Vichanga wa chini ya miezi tisa wanategemea hao wengine. Mwulize dada yako kuhusu kaunti ya Clark, 2019: wagonjwa zaidi ya 70, wengi hawajachanjwa. Gharama ilifika kama dola milioni 3.4. Na si dawa hasa! Ni kuwasaka waliokutana na mgonjwa, vipimo, watu kukaa nyumbani bila kazi. Mwaka huohuo jimbo likafuta msamaha wa "sitaki tu" kwa chanjo ya surua. Wa dini na wa kitabibu ukabaki.

Mvuvi wa Kibirizi: Hiyo ni karibu dola 47,000 kwa mgonjwa mmoja! Mwanangu alipougua, mama yake hakuanika dagaa wiki mbili, mvua ikaja, mzigo ukaoza. Na sindano yenyewe ilikuwa haina malipo.

Mama Pacha, Ujiji: Pole kaka. Kesho nampitia jirani, nitambebea mtoto mwenyewe. Kliniki wanaanza saa ngapi, mbili?

Nesi Mstaafu: Mbili. Msisahau kadi.