Eti uso wangu umegoma! Huyu dada wa taa ya buluu hapa Tanga kanichosha

Wakuu, natoka huko sasa hivi, hata bajaji sijashuka. Mods msiunganishe huu uzi.

Yule dada wa Ngamiani mwenye taa ya chunusi, simtaji, mnamjua. Nimelala chini ya taa yake mara 4, kila mara 25,000, macho nimefunikwa miwani ya jua ya mtoto, yenye mkono mmoja ulioungwa kwa plasta. Leo namuuliza, mbona chunusi ziko palepale na zimeita na ndugu zao? Akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga wa mlangoni, foleni nzima inatazama: "Kaka, taa imefanya kazi yake. Uso ndio umegoma."

Umegoma! Uso wangu una chama cha wafanyakazi? Muuza mkate wa ajemi aliyekuwa anapita alicheka mpaka kapu likamponyoka. Laki nzima nimeiacha pale, naoa mwezi ujao, halafu UMEGOMA.

Mgosi_wa_Sahare: Laki moja kuwashiwa taa kama kifaranga, na manyoya hayajaota 😂

BintiRaskazone: Mkuu, taa ya buluu inaua bakteria wa chunusi, nyekundu inatuliza uvimbe. Vipele vilivyovimba huwa inavisaidia, ila vichwa vyeusi na yale majipu ya ndani usitegemee. Na sisi weusi hiyo ya buluu inaweza kutuachia madoa. Nenda kwa daktari wa ngozi.

Mleta uzi: Dada, sijaomba tuisheni. Kasema UMEGOMA. Mbele ya watu!

Mgosi_wa_Sahare: Weka picha tuone kama umegoma au umeshaandamana.

Kaka_Kange: Wewe una nafuu. Kinyozi wangu kanijaza vipele kisogo kizima, kisha akanidai na hela ya spiriti.

BintiRaskazone: Wa karibu na Mkwakwani? Mwenye redio kubwa?

Kaka_Kange: Huyohuyo!

Mgosi_wa_Sahare: Aisee, mimi alinichana sikio Coastal walipofunga goli. Akashangilia kwanza, ndipo akatafuta pamba.

Kaka_Kange: Huyu anastahili uzi wake.

Mleta uzi: Jamani, na uso wangu?

Mgosi_wa_Sahare: Subiri kidogo mkuu. Kaka, kipara siku hizi anatoza ngapi?