Mkojo unanivuja baada ya operesheni ya tezi dume

Wadau naombeni ushauri, nina miaka 66, mpira wa mkojo umetolewa wiki ya 5 sasa na bado nikikohoa tu au nikiinuka kwenye kiti suruali inalowa, hadi msikitini nimeacha kwenda kwa aibu. Hii itaisha kweli?

— Shikamoo mzee. Baba yangu ilimchukua miezi 8. Bana misuli kama unazuia ushuzi, samahani lakini ndo ilivyo, hesabu mpaka 5, achia, mara 10, asubuhi mchana jioni, na ubane kabla hujainuka

— Maji usiache ila punguza chai na kahawa.

— Msikitini nenda mzee mwenzangu! Vaa pampasi safi, tia udhu wakati wa swala ukishaingia. Mi nabeba suruali nyeusi ya akiba