Shimogamo, Kyoto: kuingia kwenye maji ya Mitarashi mwishoni mwa Julai

mkwezi_wa_pangani

Wakuu, salaam. Tutakuwa Kyoto kuanzia tarehe 23 Julai, watu wanne. Wawili kati yetu ni wazee wa miaka sitini na ushee, na mmoja wao goti linamsumbua. Tumesikia hekalu la Shimogamo lina chemchemi, na kwamba mwezi huo watu huvua viatu wakatembea ndani ya maji. Naomba mnaopajua mnielekeze.

Tunafikaje kutoka stesheni kuu ya Kyoto bila kuhangaishwa na mabasi? Ndani ya maji utaratibu ukoje, kina ni kiasi gani, tubebe nini? La mwisho, sisi ni Waislamu. Tungependa kujua mapema kipi pale ni matembezi na kipi ni ibada, tusije tukajikuta katikati ya jambo tusilolikusudia.

mwanaforodha

Mkuu, tuanze na usafiri, maana hapo ndipo wengi hupoteza nusu siku.

Stesheni ya Kyoto pandeni treni ya JR, laini ya Nara, mshuke kituo cha kwanza tu, Tofukuji. Hapo hapo mnahamia laini ya Keihan, upande wa kaskazini, mnakaa mpaka reli inapoishia: Demachiyanagi. Treni za haraka za Keihan hazisimami Tofukuji, kwa hiyo zikiwapita msibabaike, subirini za kawaida. Baadhi huishia Sanjo. Mkikuta hiyo, shukeni Sanjo mpande inayofuata.

Mabasi ya jiji namba 4 na 205 nayo yanafika, kituo kinaitwa Shimogamo-jinja-mae. Siyapendekezi, hasa kwa tarehe zenu. Tarehe 24 Julai kuna maandamano ya pili ya sikukuu ya Gion, barabara za katikati ya mji hufungwa na mabasi hubadilishiwa njia. Isitoshe, basi linakushusha ubavuni, upande wa magharibi, ukaingia moja kwa moja penye majengo. Unakuwa umeuruka msitu, na kwangu mimi msitu ule ni nusu ya hekalu.

Mkitoka Demachiyanagi, vukeni daraja la mto Takano kuelekea magharibi. Mtakuwa mmesimama kwenye ncha ya nchi kavu: kulia Takano, kushoto Kamo, na mito hiyo miwili inakutana pale chini. Hekalu limekaa kwenye pembe hiyo tangu kabla Kyoto haijawa mji mkuu mwaka 794. Geukeni kaskazini, mtaingia Tadasu no Mori, msitu wa hekta 12 hivi katikati ya mji. Miti mingi mle ni keyaki, enoki na mukunoki, na ipo yenye umri wa mamia ya miaka. Vita vya mwaka 1470 viliuteketeza sana msitu huo, ukaota upya.

Kwa mtu mzima asiye na shida ni dakika 12 kutoka kituoni hadi lango kuu. Kwa wazee wenu wekeni 25, ili wapumzike njiani. Njia ya msituni ni tambarare kabisa, haina ngazi, ila ni mchanga na changarawe: magurudumu ya begi yanazama. Mabegi yaacheni kwenye makabati ya sarafu pale kituo cha Demachiyanagi.

chanda_na_pete

Niongezee la maji.

Ukilipita lango kuu jekundu la ghorofa mbili, mbele yako kuna jukwaa la ngoma za ibada, na kulia kuna kijito cha Mitarashi. Fuata kijito hicho kwa macho kuelekea juu: kuna daraja dogo jekundu lililopinda, kisha kidimbwi chenye ngazi za mawe, na mwisho kabisa kihekalu kidogo kinachoitwa Inoue-sha, au Mitarashi-sha kwa jina la watu wengi. Kimejengwa juu ya kisima chenyewe. Anayeabudiwa hapo ni Seoritsuhime, ambaye katika sala za zamani za Shinto, dini ya asili ya Wajapani, ndiye achukuaye uchafu wa watu kwenye mito yenye kasi akaupeleka baharini. Ndiyo maana mahali pa kujitakasa pakawa pale.

Mtu akija Februari akakuta maji haba asidhani ametapeliwa. Kwa kawaida kidimbwi huwa na maji kidogo, pengine hakuna kabisa, halafu joto la Julai likikolea chemchemi inabubujika. Wenyeji wanalihesabu jambo hilo miongoni mwa maajabu saba ya Shimogamo. Siku za kuingia majini hupangwa kuzunguka siku ya ng'ombe (kwa kalenda hiyo siku huitwa kwa zamu majina ya wanyama kumi na wawili) katika kipindi cha doyo, yaani zile siku kama 18 kabla ya mwanzo wa vuli kwa kalenda yao ya kale. Siku hiyo huhama kila mwaka, kwa hiyo hakikisheni tarehe kwenye tovuti ya hekalu. Miaka ya karibuni shughuli imekuwa ya siku kumi hivi, asubuhi mpaka saa 2 usiku, na tarehe 23 hadi 26 imekuwa ikiangukia ndani.

Utaratibu ni huu. Mnapanga foleni, mnavua viatu na soksi, mnapewa mfuko wa kutilia viatu. Mfuko huo mnatembea nao, hamviachi viatu nyuma. Mnalipa yen mia kadhaa kwa kila mtu (bebeni sarafu na noti ndogo), kila mmoja anapewa mshumaa. Mnashuka majini upande wa daraja lililopinda na kupanda kijito kuelekea kihekalu. Maji yanafika chini ya goti au kwenye goti lenyewe, kutegemea urefu wako. Njiani kuna moto wa kuwashia mshumaa. Unauwasha, unautembeza taratibu usizimike, unausimika kwenye vishikio vilivyopangwa mbele ya kihekalu, unaomba, unatoka upande wa pili. Nje mnakaribishwa kikombe cha maji ya chemchemi, mnakausha miguu, mnavaa viatu.

Yanayoharibika ni haya. Suruali ya jinzi ya kubana haipandi juu ya goti, inalowa na inabaki imelowa kutwa. Vaeni kaptula au suruali pana. Kinamama kanga au sketi ya kukunjika ni sawa, ila ikamatwe juu kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono mwingine una mshumaa. Taulo bebeni wenyewe. Maji ni ya baridi kweli kweli, si ya uvuguvugu kama mtu anavyotarajia kwenye joto la nyuzi 35. Dakika mbili za kwanza ni raha, baada ya hapo vifundo vinauma. Foleni ikikwama mkiwa ndani, hamna pa kupitia.

Kwa hiyo saa ya kwenda ina maana kubwa. Jioni mishumaa inapendeza, na kila mtu anajua hivyo: foleni inafika msituni. Kwa wazee nendeni asubuhi, shughuli inapoanza.

mkwezi_wa_pangani

Ahsanteni sana, hii ni zaidi ya nilivyotegemea. @chanda_na_pete, sakafu ya kijito ikoje? Nauliza kwa ajili ya goti. Na lile swali la ibada bado nalisubiri.

chanda_na_pete

Changarawe na mawe, na baadhi yanateleza. Ngazi za kushukia ni za mawe pia. Fimbo ya kawaida inasaidia. Mwenye goti bovu asiingie jioni, maana haoni anapokanyaga. Akiamua kubaki juu, kutoka ukingoni anaona kila kitu, mita chache tu kutoka majini.

seif_vuga

Ndugu yangu mkwezi, wa alaykum salaam. Nitajibu kwa kutenganisha kila tendo, halafu la hukumu muulizeni sheikh mnayemwamini.

Kutembea msituni, kupita lango, kuangalia majengo, kukaa kando ya kijito: hayo ni matembezi. Uwanja hauna kiingilio na hakuna anayekukagua umeinama au hukuinama. Wajapani wengi wenyewe hupita pale wakienda kazini.

Kuinama mbele ya torii (lango la nguzo mbili la kuingilia uwanja wa hekalu), kuinama mara mbili, kupiga makofi mawili na kuinama tena mbele ya jengo kuu: hiyo ni ibada. Vihekalu saba vidogo vilivyo mbele ya jengo kuu, vya wanyama kumi na wawili ambao miaka huitwa kwa majina yao (kumi na wawili hawagawanyiki sawa kwa saba: panya na farasi wana vyao pekee, waliobaki wawili wawili), navyo ni vya kuombea mwaka wako wa kuzaliwa. Mshumaa wa Mitarashi ni ibada pia, tusijidanganye. Haiuzwi kama mchezo wa maji. Unapochukua mshumaa umeingia kwenye tendo la kujitakasa mbele ya mungu wao, na anayekuja nyuma yako amekuja kwa nia hiyo. Msimamo wangu ni kwamba anayeona hawezi kulifanya kwa nia yake, asilifanye kwa ajili ya picha. Kulitazama kutoka ukingoni si kosa kwao wala halimvunjii mtu heshima.

Kuna pia karatasi za bahati: unanunua karatasi isiyo na maandishi, unailaza juu ya maji ya kijito, maneno yanajitokeza. Hiyo ni ramli. Mjue kabla mtoto hajaikimbilia.

Sasa jambo moja la vitendo. Karibu na torii kuna birika la kunawa. Lina kata za mianzi za kuchotea maji, na mtu wa kwetu akiliona tu anafikiria udhu. Msichukulie udhu pale. Miguu haioshwi, na maji yaliyotumika hayarudi birikani. Wanaonawa hufanya hivi: shika kata kwa mkono wa kulia, mwagia mkono wa kushoto, hamisha, mwagia wa kulia, rudisha, kinga maji kidogo kwenye kiganja cha kushoto, sukutua, tema chini pembeni, mwagia tena kiganja hicho, kisha simamisha kata ili maji yaliyobaki yateremke yaoshe mpini. Yote kwa kata moja ya maji. Kata haigusi mdomo. Kosa la wageni ni kujaza nusu, maji yakaisha katikati, wakachota mara ya pili na ya tatu huku watu wanasubiri.

Kwa swala, msikiti wa Kyoto uko karibu na kituo cha Jingu-Marutamachi, kituo kimoja kabla ya Demachiyanagi kwenye laini hiyo hiyo ya Keihan. Mnaweza kuupitia mkienda au mkirudi.

Na chakula: mitarashi dango, vile vitufe vya unga wa mchele kwenye kijiti, jina lake limetoka kwenye kidimbwi hiki. Husimuliwa kwamba vinaigiza mapovu ya chemchemi, ndiyo maana cha juu hukaa peke yake na vinne hufuata chini yake. Mchuzi wake ni sosi ya soya, sukari na wanga, lakini wapishi wengine hutia mirin, ambayo ina pombe. Ulizeni kabla ya kununua. Neno "mirin" wanalielewa hata msipojua Kijapani kingine.

mwanaforodha

Seif amesema kweli kuhusu mshumaa. Nakubaliana naye kabisa.

Nimesahau makutano ya mito. Pale nchani kuna mawe ya kuvukia, mengine yamechongwa umbo la kasa na mengine umbo la ndege, na watoto wanayapenda kuliko hekalu lenyewe. Yamepangwa kwa hatua ya mtu mzima; mwenye goti asijaribu, atumie daraja. Mvua ikinyesha milimani kaskazini, mto unapanda haraka hata kama juu yenu jua linawaka. Maji yakianza kulamba juu ya mawe, tokeni.

Angalieni pia mwewe. Wanazunguka juu ya makutano mchana kutwa wakisubiri mtu akae kula. Hawaji kwa mbele. Wanatokea mgongoni na kupora mkate mkononi, na kucha zinaweza kukuparura. Mabango ya onyo yapo. Kuleni chini ya miti, au mgongo mkiuegemeza ukutani.

dada_wa_mzizima

Mimi niongeze machache kwa wazee. Msituni Julai mbu ni wengi, pakeni dawa miguuni, lakini baada ya kutoka majini. Mkipaka kabla, dawa yote inaishia kwenye chemchemi. Bebeni maji ya kunywa mengi na mwavuli wa jua kwa ile sehemu kati ya kituo na msitu, hakuna kivuli. Pale penye bango la kukataza picha, hasa mbele ya majengo mawili makuu, wekeni simu mfukoni. Majengo hayo ni hazina ya taifa, yalijengwa upya mwaka 1863, na yanaonekana vizuri kwa macho.

Anayetaka muhuri wa hekalu wa wino anunue kwanza daftari lake maalumu pale ofisini. Daftari la shule hukataliwa.

Kuhusu foleni ya asubuhi: Jumamosi na Jumapili hata asubuhi inajaa. Na ile siku yenyewe ya ng'ombe ndiyo inayojaa kuliko zote. Mkiwa na siku mbili za kuchagua, chukueni ile isiyo siku ya ng'ombe na isiyo mwisho wa wiki.

mkwezi_wa_pangani

Shukrani dada, shukrani wote. Tutafika asubuhi kupitia Tofukuji na kuingia kwa njia ya msitu. Wazee na mimi tutakaa ukingoni. Tukitoka tunashuka Jingu-Marutamachi kwa adhuhuri. Seif, kuna sehemu ya wanawake pale msikitini?

seif_vuga

Waandikieni msikiti kabla hamjafika, nafasi si kubwa na Ijumaa hujaa. Waelezeni idadi yenu na saa mtakayofika.