Mjadala: Je, Merkel alikosea kuzitoa picha za Emil Nolde ofisini kwake?

Wadau, naomba hili tulijadili kwa utulivu, maana kila likizuka watu hugawanyika pande mbili na kurushiana maneno bila kugusa kiini.

Kwa asiyejua: Aprili 2019 Kansela wa Ujerumani, Angela Merkel, alizitoa ofisini kwake picha mbili za mchoraji Emil Nolde. Moja ni bustani ya maua ya mwaka 1915. Ya pili, ya mwaka 1936, ni wimbi la bahari linalopasuka chini ya anga lenye wekundu. Zilikuwa za kuazima. Wenyewe waliihitaji ile ya wimbi kwa maonyesho ya Berlin yaliyohusu Nolde na Unazi. Merkel akazirudisha zote mbili, na hakutaka zirejee tena. Wapo waliompongeza, na wapo wanaosema mpaka leo kwamba aliiadhibu rangi kwa makosa ya mkono ulioipaka.

Mimi nasema hakukosea. Sababu yangu, hata hivyo, ni tofauti na ile inayosemwa sana.

Nilipofika Hamburg mara ya kwanza nilipanga chumba kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu. Jikoni kwake palikuwa na kalenda yenye maua mekundu ya rangi za maji. Rangi ilikuwa imeachwa itawanyike yenyewe kwenye karatasi, hata hujui ua linaishia wapi. Nilisimama nikalitazama kwa muda. Mama akaja nyuma yangu akasema: “Huyu Wanazi walimkataza kuchora. Akawa anachora kwa siri, kwenye vikaratasi vidogo, kwa rangi za maji, maana rangi za mafuta zingemchongea kwa harufu.” Aliyasema kwa heshima, kama mtu anayesimulia habari za shahidi wa imani. Jina la mchoraji nililiuliza baadaye.

Hadithi ilitangulia jina. Ndivyo Nolde alivyoingia kwenye nyumba nyingi za Wajerumani baada ya vita. Mwaka 1963 mwanahistoria wa sanaa Werner Haftmann alitoa kitabu kuhusu vile vikaratasi, vinavyoitwa “picha zisizochorwa”, na hadithi ya mchoraji aliyefungwa mikono ikaenea. Mwaka 1968 Siegfried Lenz akaandika riwaya kuhusu polisi anayetumwa kumzuia mchoraji asichore. Msukumo wa mchoraji yule ulitoka kwa Nolde, na riwaya ikasomwa mashuleni kizazi hadi kizazi. Mwaka 1982 Kansela Helmut Schmidt alimfanyia maonyesho ndani ya ofisi ya Kansela, wakati huo ikiwa Bonn. Taifa lililokuwa na damu mikononi lilikuwa limepata mtu wake safi: Mjerumani halisi, mpenda maua na bahari, aliyeonewa na Hitler. Kuitundika picha yake kulikuwa ni kutangaza uko upande gani.

Sehemu ya hadithi ni kweli, na ndiyo maana ilishika. Wanazi walinyang'anya kazi zake 1,052 kutoka makumbusho za Ujerumani, na hakuna msanii mwingine aliyenyang'anywa nyingi hivyo. Julai 1937, kwenye yale maonyesho ya dhihaka ya Munich waliyoyaita ya “sanaa potovu”, picha zake tisa za maisha ya Kristo zilitundikwa ili watu wazicheke. Zaidi ya watu milioni 2 walipita pale Munich.

Lakini mtu anaweza kufukuzwa mlangoni na bado akaendelea kupiga hodi. Nolde alijiunga na Wanazi wa Schleswig ya Kaskazini, upande wa Denmark, mwaka 1934. Mwaka mmoja kabla, alimchongea mchoraji mwenzake Max Pechstein kwa afisa wa serikali kwamba ni Myahudi. Pechstein hakuwa Myahudi, na Nolde alipoombwa afute maneno yake alikataa. Mwaka huohuo alikuwa akiandaa mpango wake mwenyewe wa kuwahamisha Wayahudi, kwa nia ya kumfikishia Hitler. Mwaka 1938, tayari ameshadhalilishwa Munich, alimwandikia Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, kujitetea kwamba siku zote amepigania sanaa ya Kijerumani. Marufuku ya 1941 ilimzuia kuuza, kuonyesha na kuchapisha. Brashi nyumbani kwake hakuna aliyeizuia. Vita vilipokwisha, maneno dhidi ya Wayahudi yaliyokuwa kwenye kumbukumbu zake za 1934 yaliondolewa kwenye toleo jipya.

Na Haftmann, yule aliyeisambaza hadithi? Alikuwa mmoja wa waasisi wa maonyesho makubwa ya sanaa yaitwayo documenta kule Kassel mwaka 1955, ambako Nolde alipewa nafasi ya heshima. Haftmann naye alikuwa mwanachama wa chama cha Wanazi, na hakulisema hadharani. Mtu mmoja alikuwa akimsafisha mwenzake, na wote wawili wakisafika.

Sasa nije kwenye hoja ninayoisikia mara nyingi: “Mtenganisheni msanii na kazi yake.” Ndugu zangu, hoja hii imechelewa miaka sitini. Ni nani aliyemtenganisha Nolde na kazi yake pale maisha yake yalipoaminika kuwa ya kishujaa? Watu walinunua maua pamoja na mateso. Maisha yake yaliongeza thamani ya picha kwa nusu karne, na hakuna aliyelalamika kwamba wasifu unaingilia rangi. Leo wasifu umegeuka ndipo tunaambiwa tutazame rangi tu. Hiyo si haki kwa Pechstein.

Isitoshe, rangi zenyewe hazikubaki nje ya mambo hayo. Mtu aliyejulikana kwa picha za Biblia aliziacha miaka ya utawala wa Hitler, akageukia Waviking, mashujaa wa kaskazini na mioto ya kafara. Mwonekano wa kazi yake ulifuata alikotaka kukubalika.

Jambo moja linanigusa kama mtu niliyetoka Tanzania. Mwaka 1913 Nolde alisafiri hadi Guinea Mpya na msafara wa wizara ya makoloni, ileile iliyotawala kwetu kutokea Berlin. Ameandika mwenyewe kwamba alipokuwa akiwachora wenyeji wa huko, bastola iliyokwishaandaliwa ilikuwa chini upande wake wa kulia, na mkewe Ada amesimama nyuma yake na ya kwake. Nimeviona baadhi ya vichwa vile vya rangi za maji. Ni vizuri mno. Na sasa kila nikiviona natafuta machoni mwao kama wanaitazama ile bastola.

Hata hivyo sitaki picha zake zifungiwe stoo. Kwenye makumbusho zibaki, na barua zake zibandikwe pembeni, kama walivyofanya Berlin mwaka ule. Ukuta wa makumbusho ni wa kufundishia. Ukuta wa ofisi ya mkuu wa serikali, wageni wa mataifa wakipigwa picha mbele yake, huo ni wa kutangaza nchi inajivunia nini.

Mdau mmoja ameniuliza mwisho wake uko wapi, na swali lake ni zito. Ilipopendekezwa kwamba nafasi ya Nolde ichukuliwe na mchoraji mwingine Mjerumani, Karl Schmidt-Rottluff, naye alikutwa na maneno mabaya dhidi ya Wayahudi kwenye barua alizoandika wakati wa Vita vya Kwanza. Ukuta ukaachwa mweupe. Kwangu mimi kuropoka kwenye barua na kumchongea mtu kwa serikali ya Wanazi si mizani moja, lakini mstari upite wapi hasa sijaupata, na ningependa kusikia mngeuchora wapi.

Na kama kuna aliyefika Seebüll, kwenye nyumba ya Nolde yenyewe karibu na mpaka wa Denmark, atuambie siku hizi wageni wanasomeshwa nini kabla ya kufika kwenye maua.