Mota ya tredmili imeungua, ilikuwa ya volti 180. Fundi anataka kunifungia ya 130, nikubali?

mama_mazoezi:
Habari zenu wakuu. Nina gym ndogo Kihonda, Morogoro, wateja wangu wengi ni akina mama wa asubuhi na walimu wakitoka kazini. Mashine ya kukimbilia ninayo moja tu na ndiyo imenigomea. Ilianza kunuka plastiki, ikawa inakwama mtu mzito akipanda, mwisho moshi ukatoka kwenye kifuniko cha mbele. Fundi kafungua, nyaya za ndani ya mota zimekuwa nyeusi.

Kibandiko cha mota iliyoungua: volti 180 DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), HP 2, mizunguko 4,000 kwa dakika, ampia 10. Mashine inatumia umeme wetu wa kawaida. Fundi kapata nyingine Kariakoo, imetolewa kwenye mashine ya Kimarekani: volti 130 DC, HP 2.5, mizunguko 6,700, ampia 18. Anasema ni kubwa zaidi kwa hiyo ni bora zaidi, na matundu ya kufungia yanalingana. Anataka laki mbili na nusu na ufundi humo humo, nusu nitume leo. Mwenye uelewa anishauri kabla sijatuma.

kipanga255:
Chukua tu, halafu nunua transfoma ya kushusha umeme. Mimi nina mashine ya Marekani, naitumia hivyo hivyo na transfoma yangu, haina shida.

fundi_gerezani:
Dada, usitume hela kwanza.

Kipanga, yako inakubali kwa sababu mashine nzima ni ya Kimarekani, bodi (sakiti inayoilisha mota umeme) na mota vimezaliwa pamoja. Bodi ya huyu dada inataka 220. Na asije mtu akafikiria kuiweka transfoma katikati ya bodi na mota: umeme unaotoka pale ni DC, transfoma haishushi DC. Utakuwa umeziunganisha nyaya mbili za bodi kwa waya mtupu.

Sasa tuje kwenye mota. Bodi inapokea 220, inaigeuza kuwa DC ya kama volti 311, halafu inaikatakata haraka haraka ili mota ipate wastani unaotakiwa. Ukitembea inapewa kidogo, ukikimbia inapewa hadi 180. Mota ya DC ya sumaku haina akili nyingine, kasi yake inafuata volti. Ya kwako ilikuwa inatoa mizunguko 22 kwa kila volti (4,000 gawa kwa 180). Hiyo ya Kariakoo inatoa 51. Mwalimu akibonyeza spidi 5 atapewa zaidi ya 11, atakimbizwa kama mwizi wa kuku.

Wapo watakaosema mashine ina kihisio cha spidi, bodi itajirekebisha. Sawa, kama kipo. Bado kuna suala la ampia, na hapo ndipo fundi wako hajapiga hesabu. Mota inayozunguka sana kwa volti kidogo inadai ampia nyingi kwa msukumo uleule. Mzigo uliokuwa unasukumwa kwa ampia 10, hii itautaka kwa zaidi ya 20. Bodi haikutengenezwa kwa hilo. Na transista ya bodi (ile inayoukatakata umeme) ikifa, mara nyingi inakufa kwa kushikana, yaani mota inapewa umeme wote kwa mpigo na mkanda unaondoka kwa kasi ya mwisho mtu akiwa juu. HP 2.5 iliyoandikwa pale haikusaidii kitu.

Volti tofauti si dhambi lakini. Inategemea imetofautiana kwenda upande gani. Ukipata ya volti 240 yenye mizunguko 4,500, ifunge bila wasiwasi. Kwenye 180 itazunguka kama 3,375, kwa hiyo mashine iliyokuwa inafika 16 itaishia 13 na nusu. Akina mama wa asubuhi hawatajua. Kama hakuna kihisio, kioo cha kuonyesha spidi kitadanganya kidogo: kikiandika 10, ujue ni 8 na kitu.

Swali langu kwako: umeangalia mkanda? Mota ya HP 2 haiungui kwa kutembelewa na walimu.

mama_mazoezi:
Asante sana fundi. Nimeingiza mkono chini ya mkanda, kukavu kabisa, na ubao umechimbika mstari katikati. Kijana wa usafi alikuwa anapaka grisi ya baiskeli pembeni. Yule fundi nimemsomea ulichoandika, kanuna, anasema mtandaoni kila mtu injinia. Ila kasema ana nyingine ya volti 180, tatizo kibandiko kimebanduka. Nitajuaje?

fundi_gerezani:
Akinuna mwache, wewe beba betri ya gari na chaki.

Piga alama ya chaki kwenye ekseli ya mota, uiwashe kwa volti 12 tu ikiwa haina mzigo. Ya 180 yenye mizunguko 4,000 itazunguka karibu mara 260 kwa dakika. Ile ya Kimarekani itapita 600. Rekodi kwa simu kwa mwendo wa taratibu, uhesabu.

Halafu zima. Izungushe mota kwa mkono, nyaya zake mbili zikiwa hazigusani: iende laini. Ikiwa inashikashika, imeungua ndani, rudisha. Kisha gusanisha nyaya hizo mbili na uzungushe tena: sasa lazima iwe nzito, na uzito uwe sawa mzunguko mzima. Toa na kaboni (vipande vinavyoingiza umeme kwenye sehemu inayozunguka) uzione, zisiwe zimebaki vipisi.

Wakati wa kufunga, hakikisha inazunguka upande uleule wa zamani. Ikienda kinyume, kubadilisha nyaya ni rahisi, lakini lile gurudumu zito kwenye ekseli ya mota mara nyingi lina nyuzi za kushoto, yaani linakazwa kinyume na skrubu za kawaida. Likizungushwa upande usio wake linaweza kujifungua likiwa kwenye kasi, na sitaki kuwa chumba hicho.

Ubao: mwingi unageuzika, fungua skrubu ulaze upande mzima juu. Futa grisi yote. Kinachopakwa ni mafuta ya silikoni, chini ya mkanda, na si mafuta ya kupikia wala ya injini. Usipofanya hili, hata mota mpya kabisa utaiunguza. Siku ya kujaribu simama pembeni, usipande, mpaka uone inaanza taratibu na kusimama ukichomoa ufunguo wa usalama.

mama_mazoezi:
Nimeelewa. Kesho kijana wangu anapanda basi na betri ya pikipiki, ya gari nzito.

fundi_gerezani:
Ya pikipiki inatosha, mradi ni ya volti 12.

kipanga255:
Dada, samahani, hiyo ya 130 kama huichukui nipe namba ya huyo fundi. Ya kwangu imeanza kunuka plastiki.