Rivolva mpya ya .38 inapiga chini kushoto: nikate kilengeo cha mbele?

Mkazi_Tegeta

Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri wa wanaozijua rivolva. Ni .38 Special mpya, mtutu wa inchi 4, risasi 6. Kilengeo cha nyuma ni mfereji tu uliochongwa juu ya fremu, hakina skrubu ya kurekebisha. Leseni ipo. Kwa mita 15, nikiwa nimesimama, risasi 18 za grain 125 (uzito wa kichwa cha risasi) zimekusanyika sm 6 chini ya nilipolenga na sm 3 kushoto. Fundi mmoja anasema nipunguze kilengeo cha mbele kwa tupa. Ni sahihi? Na kuna vitu vingine vya kukagua kwenye silaha mpya kabla sijaendelea kuipiga?

FundiChuma

Mkuu, hiyo tupa iweke pembeni kwanza. Kanuni aliyokupa si ya uongo: kilengeo cha mbele kikifupishwa, itabidi unyanyue mdomo ndipo ncha yake ilingane na kingo za mfereji wa nyuma, na risasi itapanda. Ila chuma kikishaliwa hakirudi, na bado hujajua kama tatizo ni silaha, risasi au mkono.

Mimi naanza kuzishuku risasi. Vilengeo visivyorekebishika hutoka kiwandani vikiwa vimelinganishwa na uzito fulani, na kwa .38 Special mara nyingi ni grain 158, kama gramu 10.2 hivi. Rivolva huanza kunyanyua mdomo wakati kichwa cha risasi bado kiko ndani ya mtutu. Kichwa kizito huenda polepole, hukaa mtutuni muda mrefu kidogo, hutoka mdomo ukiwa umeshapanda. Chepesi huwahi kutoka. Kwa hiyo kwa umbali huu risasi nzito ndiyo inayogonga juu, kinyume na wengi wanavyodhani.

Sasa piga hesabu ya hasara. Chukua kosa, zidisha kwa urefu kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma, gawanya kwa umbali wa shabaha, vyote kwa milimita. Kama kati ya vilengeo ni mm 140: 60 × 140 ÷ 15,000 = mm 0.56. Ukikata zaidi ya nusu milimita kwa ajili ya grain 125, siku duka likiwa na 158 peke yake utapiga juu, na hakuna tupa ya kuongeza chuma. Tafuta boksi moja la 158, piga makundi matatu ya risasi 6, pima katikati ya kila kundi, urudi na namba.

Dada_Upanga

Naongezea upande wa kushoto. Kwa anayetumia mkono wa kulia, chini na kushoto kwa pamoja ni dalili ya mkono kabla ya kuwa dalili ya chuma. Aidha triga inanyakuliwa, au mwili unaushtukia mlio kabla haujatokea. Rivolva ina kipimo kizuri cha hili. Mwenzako apange kwenye silinda risasi 3 nzima na maganda 3 yaliyokwisha pigwa, achanganye, aifunge, akukabidhi mdomo ukielekea shabahani muda wote. Nyundo ikiangukia ganda tupu, tazama kilengeo cha mbele. Kikichovya chini kushoto, umeshapata jibu lako bila kugusa tupa.

Halafu usipime vilengeo ukiwa umesimama. Kaa, weka mfuko wa mchanga chini ya vifundo vya mikono na kitako cha silaha. Mtutu usiguse mfuko, maana ukigusa silaha inaruka kwa namna nyingine na kundi linahama. Mfuko pia ukae mbali na ule mwanya kati ya silinda na mtutu: moto unaotoka pale pembeni unachana kitambaa, na kidole gumba hakiponi. Koki nyundo kwa kila risasi, yaani ivute nyuma kwa kidole gumba hadi ishike, usivute triga ile ndefu inayoinyanyua nyundo yenyewe. Ukimaliza kupima ndipo urudi kwenye kuvuta triga tu, kwa mita 7. Na ukiwa uwanjani, mwombe mpigaji mwingine mwenye mkono mtulivu apige kundi moja. Kama na lake linakwenda kushoto, hapo tuongelee silaha.

Mzee_Kunduchi

Vijana wamesema vizuri, lakini ukaguzi ungetangulia. Fungua silinda, hakikisha kwa macho na kwa kidole kuwa matundu yote sita ni matupu. Mafuta mazito ya kiwandani yatoke kwenye mtutu na matundu, pafutwe pakauke.

Pima mwanya wa silinda na mtutu kwa fila geji, ile ile ya mafundi magari wanaosetia valvu. Mm 0.15 ni pazuri, kati ya 0.10 na 0.25 panakubalika. Pakiwa padogo mno, masizi yakijaa silinda inakwama katikati ya mazoezi. Pakiwa pakubwa, moto na vipande vya risasi vinamrukia jirani.

Kisha kagua kama silinda na nyundo vinafuatana. Bana silinda kidogo kwa kidole, koki nyundo taratibu mno. Kabla nyundo haijashika, usikie kile kifungio cha chini ya silinda kikiingia kwenye kishimo chake. Rudia matundu yote sita. Tundu lisilofunga halitazamani sawasawa na mtutu, na risasi itanyolewa inapoingia.

Uwanjani: plagi za masikio na vifuniko juu yake, maana mlio unapita desibeli 150. Miwani pia. Ukivuta isilipuke, mdomo ubaki shabahani kwa sekunde 30 na USIVUTE TENA. Ukivuta tena silinda inazunguka, na ile iliyochelewa inaweza kulipuka ikiwa pembeni ya mtutu. Ukisikia mlio dhaifu, acha, fungua, chungulia mtutu kutokea nyuma. Huenda kichwa kimekwama humo. Na maganda yatolewe mdomo ukitazama juu, la sivyo chembe za baruti zinaingia chini ya nyota ya kutolea maganda na silinda haitafungika.

Mkazi_Tegeta

Shikamoo mzee, na ahsanteni wote. Mwanya ni mm 0.15. Ila kwenye kukoki taratibu, tundu moja kati ya sita halifungi hadi nilisukume silinda kidogo. Nirudishe dukani?

Mzee_Kunduchi

Marahaba. Bado usirudishe. Umepima matundu yakiwa matupu, siyo? Ile nyota ina mchezo kidogo, na maganda ndiyo yanayoishikilia mahali pake. Weka maganda sita yaliyopigwa, rudia tundu moja moja, ukiliwekea alama ya wino lile lenye shida. Kama bado halifungi, silaha irudi kwa muuzaji ikiwa na risiti yake, na usiipige tena hata risasi moja. Usikubali mtu achonge vile vimeno vya nyota mezani kwake.

Mkazi_Tegeta

Kwa maganda ndani, yote sita yanafunga. Nimepiga 158 nikiwa nimekaa, makundi matatu: wastani sm 2 chini, nusu sentimita kushoto. Kwa maganda matupu kilengeo kilichovya mara mbili kati ya tatu.

FundiChuma

Basi kushoto ni kidole, fuata zoezi la Dada Upanga. Kilichobaki cha chini ni 20 × 140 ÷ 15,000, mm 0.19 tu, na kwa mita 7 hiyo sm 2 haifiki hata sm 1. Mimi ningeiacha hadi mkono utulie, kwa kuwa anayechovya mdomo anajishushia risasi mwenyewe na hizo sm 2 zinaweza kuwa zake.

Baada ya hapo ukiamua kukata, apewe fundi wa silaha mwenye kibali. Tupa laini, misuguo miwili mitatu, kundi moja, tena misuguo miwili mitatu. Aguse juu tu. Uso wa nyuma wa kilengeo, ule unaoutazama, asiuguse, ukipata mng'ao jua litakudanganya. Aachie hapo risasi zikiwa bado zinagonga sm 1 chini. Na pale palipokatwa patakuwa peupe: patiwe dawa ya kutia weusi na mafuta siku hiyo hiyo, maana kwa upepo huu wa chumvi wa pwani yetu kutu haikawii. Isilale kwenye ala ya ngozi, ngozi inatunza unyevu.